Truphosa Mejumaa, Mama wa Zamu za Mkanyageni

Marehemu Truphosa Mejumaa alizaliwa Rabai tarehe 7 Aprili 1878, mtoto wa pili wa mzee Mung'aro, mkulima wa minazi. Alisoma katika shule ya misheni palepale Rabai, akajua kusoma Injili, kuandika na kushona. Mwalimu wake alikuwa na lawama moja tu juu yake: hakuwa mtu wa kukaa. Akitumwa maji alipita njia ndefu ili akutane na watu. Wanaomkumbuka Mejumaa wa siku zile ndio watakaoelewa uzito wa yaliyofuata.

Tarehe 14 Novemba 1896 alifunga ndoa na Chonga, aliyekuwa akisukuma toroli katika kisiwa cha Mombasa, zile gari ndogo za reli wanazopanda mabwana. Wakapanga chumba cha chini katika nyumba ya Bimdogo, mtaa wa Mkanyageni, Mji wa Kale. Tarehe 22 Machi 1899, mwaka wa njaa, alijifungua binti yao wa pekee, Mapenzi, baada ya uchungu mrefu. Miguu ya mtoto ilikakamaa, mikono haikushika kitu, na maneno yalipokuja yalikuja moja moja, kwa shida. Akili yake ilikuwa timamu, na bado ni timamu.

Watu walisema. Wako waliosema mkosi, wako waliosema pepo, na wako waliojiita Wakristo wakauliza mama alitenda dhambi gani. Truphosa akaacha kanisa, akaacha harusi, akaacha matanga. Alijitafutia kazi ya kushona kofia, kazi isiyomtoa chumbani. Akiwa na sindano mkononi aliisikia Mombasa ikipita nje ya dirisha. Muuza samaki alimjua kwa sauti, miaka na miaka, wala uso wake hakupata kuuona. Akienda kisimani alimfungia mtoto kwa komeo la nje, akarudi mbio na ndoo nusu. Chonga naye aliondoka alfajiri na kurudi jioni, na njiani hakuna aliyejua kwamba ana mtoto.

Kaburini si mahali pa kubembelezana, basi isemwe wazi. Komeo alilitia yeye kwa mkono wake, na hilo halikuwa jema. Lakini aliyemfundisha kulitia ni macho yetu na vicheko vyetu, na hayo ni mabaya zaidi.

Februari 1907, Truphosa akiwa kisimani, moto ulishika jiko la jirani, na moshi ukajaa kile chumba. Bimdogo alishuka kutoka ghorofani, akavunja komeo kwa mchi, akamtoa Mapenzi uani mikononi mwake. Truphosa alipofika aliangusha ndoo.

"Mejumaa! Wamfungia mwana kama kuku wa Idi?"

"Nilifunga asidhurike, bibi."

"Kwani moto hubisha hodi?"

Bimdogo akamfuta Mapenzi uso kwa leso yake mwenyewe, kisha akasema, "Jumapili utakwenda kanisani kwenu. Mwana nitakaa naye mimi. Nami siku ya Idi utanikalia na Hadi." Hadi alikuwa nduguye, kipofu, aliyekuwa ghorofani miaka yote ile, na Truphosa hakupata kumwona hata mara moja. Nyumba moja, wafungwa wawili, na ngazi katikati.

Jumapili ya kwanza alivumilia mpaka katikati ya mahubiri, kisha akatoka kanisani mbio, viatu mkononi. Alimkuta Mapenzi ameegemezwa kwenye mito, ametiwa wanja, mdomo umejaa kaimati, anacheka.

"Mbona warudi? Padri kakufukuza?"

"Nilihofu, bibi."

"Rudi ukamalize dini yako. Nasi hatujamaliza kaimati zetu."

Alirudi. Alisimulia kisa hicho mwenyewe hadi mwisho wa maisha yake, akijicheka.

Hivyo ndivyo zilivyoanza zamu: Ijumaa na Idi walikaa Wakristo, Jumapili na Krismasi walikaa Waislamu. Truphosa ndiye aliyezipeleka nyumba kwa nyumba. Alijua kumtambua mwanamke aliyefungwa, kwa sababu alikuwa mmoja wao: yule anayeondoka kisimani kabla ndoo haijajaa. Alimfuata hadi mlangoni, akauliza bila kuzunguka, "Una nani ndani?" Wengi walimfukuza. Nasipwondi, mke wa askari wa reli, alimtukana hadharani. Wiki iliyofuata akamletea mwanawe asiyesikia.

Saadia, binti wa Bimdogo, alipotaka Mapenzi atembezwe ndani ya shiraa, lile hema la nguo walilotembea ndani yake mabibi wa zamani wasionekane, Truphosa alikataa.

"Nguo hiyo ni ya hariri, mwanangu, lakini ni ukuta vilevile."

Akamgeukia Chonga mbele ya wanawake, akamwambia, "Wewe wasukuma watoto wa watu kila siku." Chonga aliinama. Siku ya pili aliomba ruhusa kwa tajiri wake, akampandisha bintiye kwenye toroli, akamsukuma mchana kweupe hadi karibu na Ngome ya Yesu. Watu walikodoa macho. Mmoja akauliza, "Nani huyo, Chonga?" Akajibu, "Bibi yangu mkubwa. Pisha njia!"

Chonga alifariki kwa homa tarehe 3 Juni 1910. Mwaka jana kifua kilimshika Truphosa, na alijua hakitamwachia. Kifo hakukiogopa. Aliogopa jambo moja: kwa desturi, mtoto ni wa ukoo wa baba, na mkubwa wa ukoo ni shemeji yake Kingi wa Makupa. Kingi alipokuja kumtazama alimwambia kwa upole, "Usihofu, shemeji. Nimemjengea chumba. Hatatoka nje hata siku moja, wala hapana atakayemcheka." Aliamini kwamba anamfariji. Truphosa aligeukia ukutani, akalia. Aliwauliza wazee wa ukoo, akamwuliza padri, kama Mapenzi angeweza kubaki Mkanyageni, na kila mmoja alimwambia desturi ni desturi. Alifariki Jumatatu, tarehe 15 Septemba 1913, kabla ya kupata jibu jingine.

Jana wazee walikaa, Kingi akiwa amekuja na machila ya kumchukulia Mapenzi. Bimdogo akasema mlangoni, "Mwenyewe mmemwuliza?" Hawakuwa wamemwuliza. Kwa miaka kumi na minne hapakuwa na mzee aliyewahi kumwuliza lolote. Wakamwuliza, na wakalazimika kungoja, kwa maana neno lilichelewa. Akasema, "Hapa."

Kingi akasema, "Hapa ni kwa watu baki."

"Mtu baki," akasema Bimdogo, "ni yule ajaye siku ya maziko."

Wazee wakakata shauri. Linasomwa leo, Jumatano tarehe 17, mbele ya wote, ili asiwepo wa kusema kesho kwamba hakusikia.

Marehemu ameacha binti mmoja, Mapenzi Chonga, atakayekaa Mkanyageni kwa Bimdogo. Wanawake wa zamu, Saadia na Nasipwondi wakiwa mbele yao. Na shemeji mmoja, Kingi wa Makupa, ambaye kuanzia wiki hii zamu yake ni Jumamosi, toka asubuhi hadi magharibi, mlango ukiwa wazi.

Mungu amlaze Truphosa Mejumaa usingizi mzito. Wa kuamka tupo.