Kiguu na Njia, Baba Aliyemleta Punje Nyumbani Kifuani

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenzake, asanteni kwa kufika. Mimi ni mdogo wake wa kike, niliyemfuata kuzaliwa. Familia imenipa kazi ya kusoma maisha ya kaka yetu, na nimeombwa nisome nikiwa nimetulia. Nitajaribu.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa pili kati ya watoto watano wa marehemu baba yetu, mfyatua matofali, na marehemu mama yetu, muuza mitumba. Mama alikuwa akisema kwamba mimba ile haikumpa nafasi ya kukaa kitako; ilikuwa teke juu ya teke. Alipoanza kutembea hakushikika. Ukigeuka kuepua sufuria, yeye yuko kwa jirani wa tatu. Jirani huyo ndiye aliyemwita Kiguu na Njia, na jina likamganda hadi kaburini.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968. Mwalimu wa darasa la tatu, kwa kuchoka kumwona akisimama ovyo, alimkabidhi kengele ya shule ili angalau awe na sababu ya kutoka nje. Vipindi vya shule nzima vikaanza kuwa vifupi, na ilichukua muda kabla mwalimu mkuu hajagundua chanzo. Alimaliza darasa la saba mwaka 1974, akajiunga na chuo cha ufundi kusomea mabomba, akahitimu mwaka 1978.

Mwaka uliofuata aliajiriwa na idara ya maji, katika kikosi cha kutafuta mabomba yanayovuja. Kazi yenyewe ilikuwa kutembea. Alikuwa na ufito wa chuma. Ncha moja anaiegemeza kwenye bomba, nyingine anaiweka sikioni, anasikiliza maji yanatorokea wapi chini ya ardhi. Akiyasikia, wenzake wanachimba. Waliwahi kumpandisha cheo wakampa meza na kiti cha kuzunguka. Kiti alikizungusha juma moja, kisha akaomba arudishiwe ufito wake. Alistaafu mwaka 2021.

Tarehe 17 Desemba 1988 alifunga ndoa na wifi yangu, mshonaji wa sare za shule, ambaye yuko hapa mbele yetu. Mimba mbili ziliharibika. Ya tatu ilikuwa imefika mwezi wa saba pale presha ilipompanda wifi akiwa kwenye cherehani. Alikimbizwa hospitali akapasuliwa siku hiyo hiyo, tarehe 3 Juni 1996. Kaka alipoonyeshwa bintiye kupitia kioo cha wodi ya watoto njiti, aliuliza, "Ndiye huyu wote?" Muuguzi akamjibu kwamba ndiye huyo wote, hakuna kilichobaki nyuma. Tukamwita Punje.

Hapa naomba mnivumilie, maana sehemu hii ya maisha yake ndiyo ninayoijua kuliko zote.

Wifi hakupona haraka. Kidonda kilioza, akarudishwa chumba cha upasuaji, akawa hawezi hata kukaa. Punje naye alikuwa ametolewa kwenye sanduku la joto, anameza maziwa, ila wodi ilikuwa imefurika na homa ilianza kupita kutoka kitanda hadi kitanda. Watoto wawili walikuwa wamefariki. Muuguzi mkuu akatuita.

"Huyu ni salama zaidi akiwa nyumbani," alisema, "lakini kwa sharti moja. Abebwe kifuani, ngozi kwa ngozi, usiku na mchana, mpaka aongezeke. Nani atambeba?"

Mimi nilikuwa nanyonyesha wangu. Nikaanza kufungua mdomo, kaka akanitangulia.

"Mimi."

"Baba, sisemi kumpakata ukitoka kazini. Nasema kukaa naye. Kukaa."

Nilicheka, na namshukuru Mungu kwamba kaka hakukasirika. "Dada muuguzi," nikasema, "huyu hata chakula anakula amesimama."

Kaka alifungua vifungo vya shati pale pale, akasema, "Nionyesheni anavyofungwa." Wakamweka Punje kifuani kama chura mdogo, shavu kwenye moyo wake, wakamzungushia kitambaa kirefu na kukaza. Nilimwona kaka yangu akizuia pumzi.

Teksi tuliyopanda ilifungwa vioo vyote na jua lilikuwa kali. Kaka alikuwa haachi kumsemesha dereva. Punguza. Shimo hilo. Kuna lingine mbele ya duka la vioo. Kuna refu baada ya kona. Mwishowe dereva akamwangalia kwenye kioo.

"Mzee, mashimo yote haya unayajuaje?"

"Tumeyachimba sisi. Idara ya maji."

"Basi rudini myafukie, mimi nimekoma!"

Hatukucheka, maana Punje alikuwa kimya sana, na kaka kila mara alikuwa akiinamisha kichwa kusikiliza. Sikio lile lile lililomlisha kazini sasa likawa linamtesa. Mtoto njiti hapumui kwa mpangilio: huvuta haraka haraka, husita, kisha huanza tena. Sisi wengine hatukuusikia ule msito. Yeye aliusikia kila ulipotokea.

Nyumbani alizunguka. Chumba, sebule, jiko, chumba. Akikaa, goti linacheza. Akisimama, anahofia kitambaa kimelegea. Kila asubuhi na jioni nilikwenda hospitali na chupa ya chai, wifi anakamua maziwa kwa maumivu, nami nayapeleka nyumbani humo humo, kaka anamnywesha Punje kwa kijiko tone kwa tone. Majirani waliokuja kuona mtoto aliwazuia mlangoni: "Salamu nimezipokea. Rudini akinenepa." Wapo waliochukia. Wengine mko hapa leo.

Halafu akafika mama mkwe wake, bila kutuma habari, na mzigo wa nguo kichwani. Alimkuta mkwewe kifua wazi. Bibi wa watu akageukia ukuta.

"Shikamoo mama," kaka akasema, akihangaika kujifunika shuka.

"Marahaba," mama akaujibu ukuta. "Baba, nimekuja kumchukua mjukuu wangu. Mwanaume na njiti wapi na wapi? Binti yangu yuko taabani, nisije nikapoteza wawili."

"Mama, sitamtoa."

"Unanikatalia?"

"Nakukatalia, mama. Unisamehe."

Nilitaka ardhi inimeze. Tangu waoane, kaka hakuwahi kumpinga mama yule hata kwa kikohozi. Mama aliweka mzigo wake chini, akakaa kwenye mkeka palepale, uso bado ukutani, na ikaonekana kwamba hakuna kati yao atakayelegeza.

Alasiri ya siku hiyo kaka alikuwa ameegemea mlango wa jikoni. Ghafla akasema, "Amesita." Tukasubiri. Akasema tena, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, "Hajaanza." Nilimwangalia Punje, midomo ilikuwa imeanza kuwa ya bluu. Kaka akafungua kitambaa, akausugua mgongo wake kwa vidole viwili kama alivyofundishwa. Akaupigapiga unyayo. "Punje. Punje, mama. Vuta. Vuta basi." Mimi nilikuwa nimesimama tu, chupa ya maziwa mkononi. Akampuliza usoni, akausugua tena mgongo. Punje akajikunja, akatoa kilio chembamba kama mlango unaohitaji mafuta.

Kaka alishuka chini taratibu mpaka akakaa sakafuni.

Nilipogeuka, mama mkwe alikuwa ameshaacha kuangalia ukuta. Alikuja, akafungua kanga yake ya juu, akawafunika wote wawili, baba na mtoto, akaichomeka vizuri mabegani mwa kaka.

"Kaa hapo hapo," alisema. "Mimi napika."

Alikaa nasi mpaka wifi alipotoka hospitali, na hakuzungumzia tena kumchukua mtoto. Wifi aliporudi alikuwa amekonda, anatembea akishika ukuta. Tulimfunga Punje kifuani kwake, na Punje akalia mpaka akakauka sauti. Wifi naye akalia. "Ananiona mgeni," alisema.

Kaka akamjibu, "Mimi ananijua kwa jasho. Wewe maziwa yako ameyanywa muda wote huu. Mpe muda." Kisha akavaa shati, akatoka, akatembea mtaa mzima mpaka giza likaanza kuingia. Aliporudi, wote wawili walikuwa wamelala, naye akarudi kuzunguka. Chumba, sebule, jiko.

Hawakupata mtoto mwingine, na hatukumsikia akilalamika. Alimpeleka Punje shule kwa miguu mpaka binti alipomwomba aache, anaaibika.

Mwezi Februari 2022 kaka alipata kiharusi kilichochukua upande wake wa kulia. Hakuna aliyewahi kuona ugonjwa uliomwonea mtu kama ule. Kila saa alitaka ageuzwe, asogezwe dirishani, arudishwe, atolewe nje, aingizwe. Wifi na Punje walifanya hivyo bila kununa, karibu kila mara. Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 2 Oktoba 2024, akiwa amewekwa kwenye kiti mlangoni, anaangalia watu wakipita barabarani.

Marehemu ameacha mke. Binti mmoja, Punje, ambaye ni fundi umeme. Mkwe mmoja wa kiume. Mjukuu mmoja wa kiume, aliyezaliwa kwa wakati wake na mzito ajabu. Dada wawili na kaka mmoja.

Hapa mwisho niliandika maneno yanayosomwa katika kila msiba. Jana wifi alinisikia nikiyafanyia mazoezi, akaniambia, "Wifi, usimwambie apumzike. Utamkera. Mtakie amani tu."

Kaka, amani.