Ngurumo Ghalani

Wewe uliyebaki mlangoni, ingia ndani. Nafasi ipo hapo kwenye mkeka, na ninachotaka kusema hakifai kusikiwa nusu. Wazee wangu, shikamooni. Vijana, nawasalimu. Nimeombwa na jumuiya nieleze namna nyumba yangu ilivyotaka kuvunjika kwa sababu ya spika. Naona wengine mmeshaanza kucheka. Chekeni, hata mimi siku hizi nacheka. Mwaka ule sikucheka.

Sitamtaja mtu kwa jina. Wahusika wengine wamo humu, na naomba msigeuze shingo kuwatafuta.

Mnanijua kwa useremala. Milango mingi ya mtaa huu imepita mikononi mwangu. Lakini kabla ya useremala nilipenda picha za sinema, nazo picha zikanifundisha kupenda sauti. Vijana mkumbuke kwamba zamani, kabla ya soko huria, hata redio ya mkulima ilikuwa jambo la kutangaziwa kijiji. Kisha milango ikafunguliwa. Vitu vikaingia kutoka Tunduma, kutoka Dubai, kutoka tusikokujua, vikajaa madukani hapa Sumbawanga: deki za kuchezea filamu, amplifaya za kukuza sauti, spika, na zile sahani za filamu zinazong'aa kama kioo.

Hapo ndipo nilipoanza kuwa mtu wa mashaka, ndugu zangu, na kwa bidhaa zile mashaka yalikuwa akili. Ukitaka kununua amplifaya, usisome boksi. Boksi litakuambia wati elfu. Inyanyue. Ndani ya amplifaya ya kweli kuna transfoma, na transfoma ni chuma na shaba, ina uzito. Siku moja Tunduma muuzaji aliniambia, "Mzee, hii orijino kabisa, imeshuka jana." Nikainyanyua kwa mkono mmoja. Nikamuuliza, "Orijino gani nyepesi kama kikapu cha mayai?" Akanitazama, akasema, "Kumbe na wewe ni fundi," akaniletea nyingine kutoka nyuma ya pazia.

Sahani nazo ni hivyo hivyo. Igeuze kwenye mwanga uone mikwaruzo. Usiamini picha ya juu ya kasha. Niliwahi kununua filamu ya vita, nikaiweka, kumbe mtu aliirekodi akiwa amekaa ndani ya jumba la sinema. Katikati ya vita mtazamaji wa mbele akasimama kwenda chooni, kichwa chake kikafunika jeshi zima.

Basi nikajenga chumba changu polepole. Maboksi ya spika niliyatengeneza mwenyewe kwa mbao za mninga. Mbili mbele, mbili nyuma ya viti, moja ndogo chini ya televisheni, na kubwa lao, sabufa, lenye kazi ya besi peke yake. Mvua ikinyesha ndani ya filamu, unaisikia mgongoni. Mke wangu mara ya kwanza alitoka kwenda kuanua nguo.

Lakini kulikuwa na jambo moja. Kwa sababu niliogopa wezi, sikumwambia mtu yeyote. Kila kifaa kilipoingia nyumbani kiliingia ndani ya gunia la mahindi. Nilining'iniza mablanketi madirishani, kwanza ili mwanga usiharibu picha, pili ili mpita njia asichungulie. Watoto nao niliwakanya wasiseme shuleni. Majirani wote walijua nina redio, basi.

Kisha vikombe vya mke wangu vikaanza kutembea kabatini. Besi ikipiga, vinagongana. Kimoja kikaanguka, na kilikuwa cha seti ya harusi.

"Baba watoto," akasema, "chagua. Hilo dude au mimi na vyombo vyangu."

Nikachagua njia ya katikati. Sebule yangu na ghala la nafaka vilikuwa vinatenganishwa na ukuta mmoja wa tofali. Nikatoboa tundu kama sahani ya wali, nikapitisha waya, nikaliweka sabufa ghalani. Naomba mnisikilize vizuri hapa, maana msiba wote umejificha hapa. Sauti nyembamba, kama ya mtu kuongea au ndege kulia, sikio linajua inakotoka, na ukuta pamoja na mablanketi ya dirishani vinaizima. Sauti nene haiko hivyo. Sikio haliwezi kukuonyesha kwa kidole kwamba imetoka pale. Na ukuta hauizuii, inapita, inashuka mpaka kwenye udongo. Kwa hiyo sisi sebuleni tulisikia filamu nzima, na hatukujali kwamba besi inatoka chumba kingine. Mtu aliye nje hakusikia maneno, wala muziki, wala bunduki. Alisikia kitu kimoja tu, nacho ni ghala langu kunguruma.

Na nyuma ya ghala ndipo ilipopita njia ya kwenda bombani.

Mwaka ule mvua zilikatika mapema huku kwetu. Mahindi yalibaki vibunzi vitupu. Mnakumbuka, sina haja ya kueleza njaa mbele ya watu walioishi nayo. Mimi nilikuwa nimelima upande wa Nkasi, kwenye shamba la mjomba wa mke wangu karibu na Namanyere, na kule mvua haikutusahau. Magunia yakaja. Ghala langu likajaa wakati maghala ya wenzangu yanalala matupu, na kila jioni wanawake wenye ndoo kichwani wanapita nyuma yake, wanahisi ardhi inatetemeka chini ya nyayo zao.

Nawaulizeni, mngefikiri nini? Tena hapa hapa Sumbawanga, mji ambao mgeni akishuka kwenye basi anauliza uchawi kabla hajauliza chai?

Wakasema nina kitu ghalani. Wakasema kinakwenda mashambani mwao kuvuna, kinarudi, kinatapika mahindi, na ile ngurumo ni tumbo lake. Wengine walishaniona nikiingiza gunia lenye pembe kama sanduku. Walioniona waliapa, na hawakusema uongo. Niliingiza kweli.

Mimi sikujua lolote. Niliona tu salamu zinafupika. Mteja aliyeagiza mlango akasema atasubiri kwanza. Tulipowapelekea majirani unga, uliachwa kizingitini hadi kuku wakaukuta.

Kisha ikaja siku ya kulima. Mnajua desturi yetu: unapika pombe ya ulezi, unaalika majirani, wanakuja na majembe, jioni mnakunywa pamoja. Mke wangu aliipika vizuri, mitungi ikajaa, povu likasimama. Asubuhi akakaa uani kusubiri. Jua likapanda. Nikasikia majembe yanapita barabarani, yanagongana mabegani, yanakwenda kwa mtu mwingine. Hakuna aliyekata kona kuingia kwetu. Jioni mke wangu aliimwaga ile pombe shimoni, mtungi baada ya mtungi. Alipomaliza akaniambia:

"Nimeambiwa bombani. Wanasema nalala na mchawi. Sasa niambie wewe, mbona huwaonyeshi hilo dude lako?"

"Waibe?"

"Waibe nini, mume wangu? Wameshaiba jina letu."

Kesho yake alipanda basi la Namanyere na watoto. Akasema atarudi siku ghala litakapofunguliwa.

Ndugu zangu, mtu akiachwa peke yake na mashaka, yanazaana. Nilizima mitambo yote, nikakaa gizani nikitafuta nani ameanzisha. Nikamkamata mmoja kichwani mwangu: jirani yangu mfugaji, aliyehamia na ng'ombe wake kutoka kaskazini magharibi. Ushahidi wangu? Aliwahi kusimama nyuma ya ghala na kuniuliza, "Jirani, humu ndani kuna nini?" Nikamjibu, "Mahindi tu," nikafunga mlango kwa komeo. Toka siku ile kila alipokohoa niliona ananipangia. Hata ng'ombe wake wakinitazama, niliona wametumwa.

Siku moja, mchana, hodi. Nikachungulia. Ni yeye mfugaji, na pembeni yake balozi wetu wa nyumba kumi, mzee wa watu.

Balozi akasema bila kukaa, "Fundi, kesho watu wameita mtu wa kufichua wachawi. Anatoka mbali. Akifika kwako, mimi sitaweza kuwazuia vijana. Nimekuja kukuambia uondoke leo."

Nikamwangalia yule mfugaji. Nikasema moyoni, amekuja kuona ninavyofungasha.

Yeye akasema, "Mzee balozi, mimi sikuja kumwambia aondoke. Bwana fundi, ng'ombe wangu wakikataa maji, siendi kwa mganga kwanza. Naingia kisimani niangalie kilichoanguka. Naomba unifungulie ghala."

Nilisita, wala siwafichi. Ufunguo ulikuwa mfukoni na mkono haukutaka kuutoa. Nilifikiri anataka kuhesabu magunia. Nilifikiri anataka kujua sabufa liko wapi ili aje na wenzake. Lakini kesho walikuwa wanakuja na moto, na mimi ningelinda nini? Nikafungua.

Mfugaji akaona magunia. Akaona boksi la mninga lenye kitambaa cheusi mbele. Akarudi hatua nyuma.

"Ndilo hili linalokula mahindi yetu?"

"Hilo halina hata meno. Weka mkono juu yake, usiutoe."

Balozi nikamkalisha sebuleni, nikaweka filamu yenye radi. Radi ikapiga. Kutoka ghalani nikasikia mtu amepiga kelele, kisha kicheko ambacho sijawahi kukisikia tena. Akaja mbio sebuleni, akaona picha, akasikia mvua, akarudi ghalani, akaja tena.

"Kumbe ni dume la ng'ombe lisilo na kichwa!" akasema. "Tumbo liko kule linaunguruma, mdomo uko huku!"

Balozi alikuwa bado ameshika mkongojo kwa mikono miwili. "Zima," akasema. "Kesho yule mgeni asikute kitu cha kufichua. Tutafichua wenyewe."

Kesho asubuhi tulitoa kila kitu uani, juani: televisheni, deki, spika zote. Madirisha wazi, mablanketi chini. Watu wakaja wamekunja nyuso. Nikaeleza kama ninavyowaeleza ninyi, polepole, besi ni nini, inapita wapi. Hawakuamini. Mama mmoja, yumo humu, akajitokeza mbele.

"Chomoa waya."

Nikachomoa. Kimya.

"Chomeka." Ngurumo. "Chomoa." Kimya. "Sasa sogea mbali, kaa kule kwenye mti wa pichi, nichomoe mwenyewe. Huenda unalipigia mluzi."

Akachomoa mwenyewe, akachomeka mwenyewe, akazunguka boksi, akalinusa. Yule mgeni wa kufichua wachawi alipofika, akakuta mama ameshaanza kufichua, akageuza njia. Kisha akaniuliza swali ambalo ndilo walilokuja nalo wote: "Na mahindi?"

Nikawaambia ya Nkasi. Akajibu, "Maneno." Alikuwa na haki. Mwaka mzima niliwapa maneno mawili tu, mahindi tu. Ilibidi mjomba wa mke wangu apande basi kuja kusema kwa mdomo wake, na ndipo yule mama akakubali kuketi kwenye kiti changu. Mke wangu alikuja naye, na watoto. Jambo la kwanza aliloniambia: "Lile tundu ukutani, lizibe leo." Nikaliziba. Sabufa likarudi sebuleni, vikombe vikahamia jikoni. Msimu uliofuata alipika ulezi tena, na majembe yalikata kona.

Si wote walioridhika. Wapo hadi leo wanaopita upande wa pili wa barabara. Nawasalimu wakiwa kule kule.

Namshukuru balozi, amelala pema. Namshukuru mke wangu aliyekataa kunisaidia kuficha. Nakushukuru wewe mama wa chomoa-chomeka, maana imani yako ilikuwa na uzito kama transfoma ya kweli. Na yule mfugaji, anayeangalia chini kama hajui anasemwa yeye: ulipiga hodi mchana kweupe wakati mimi nilishakuhukumu gizani. Mungu akupe malisho.

Nimeyasema haya kwa sababu kuna nyumba mtaani kwetu inayosemwa wiki hizi. Mnaijua. Nimeisikia bombani, nimeisikia sokoni, na nilipouliza nani ameona, kila mmoja alinielekeza kwa mwingine. Ngurumo ya aina hiyo naifahamu. Sisemi hakuna kitu mle ndani. Sijui, na ninyi hamjui.

Basi fanyeni hivi. Kesho, jua likiwa juu, nenda hadi mlango wa ile nyumba, piga hodi, na umwambie mwenyewe: "Jirani, nimesikia, naomba unionyeshe." Na kama wewe ndiye unayepigiwa hodi, toa ufunguo mfukoni, fungua.