Siku Baba Alipokuja Kunitoa Uwanjani

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Wanajumuiya wenzangu wa Rau wamenisumbua sana nitoe ushuhuda huu, na leo nimesimama. Mungu ni mwema jamani!

Mimi ni Mwalimu Prisila. Nimezaliwa Kibosho, katika kihamba cha migomba na kahawa, mtoto wa katekista. Baba yangu alikuwa mtu wa haki, lakini mkali! Akikohoa sebuleni, sisi jikoni tulinyamaza. Miaka ile ya ruksa, ya biashara huria, bei ya kahawa ilipoporomoka na majirani wakaanza kung'oa mibuni, yeye alijinyima kila kitu ili nisome chuo cha ualimu mjini Moshi. Kwa hiyo msidhani alinichukia. Alinipenda, na hapo ndipo ugumu wenyewe ulipokuwa.

Chuoni nilikuta timu ya wasichana ya mpira wa kikapu. Nasema timu kwa heshima tu! Uwanja wa udongo, masika unateleza kama bamia. Mpira mmoja, umezibwa kiraka na fundi baiskeli, ukidunda unakwenda unakotaka wenyewe. Raba tulichagua kwenye mitumba ya Kiboriloni, na za kwangu hazikuwa hata za jozi moja. Kila chuo kilitufunga. Wenzetu wakaacha mmoja mmoja, huyu kachoka kuchekwa, yule kakatazwa na mchumba, hadi tukabaki watano bila wa akiba. Mkuu wa chuo akatuambia waziwazi: mechi ya Jumamosi tukikosa kufikisha timu, pale uwanjani patalimwa maharage.

Lakini mimi, ndugu zangu, niliposhika ule mpira nilipata furaha ambayo sikuwahi kuijua. Kijijini waliniita mkaratusi kwa urefu wangu, nikazoea kutembea nimejikunja. Pale uwanjani watu walipiga kelele, "Mpe Prisila! Mpe Prisila!" Nikaanza kumshukuru Mungu kwa kila inchi aliyonipa.

Basi maneno yakapanda mlimani. Mtu mmoja akamwambia baba, wakiwa kwenye pombe ya mbege, kwamba binti wa katekista anakimbia na bukta mbele ya wanaume. Baba akashuka chuoni. Hakunipiga, hakupaza sauti. Alisema tu, "Jumamosi nakuja kuchukua sanduku lako. Sikukutuma huku uniaibishe mbele ya parokia nzima." Akageuka, akaenda zake.

Nililia! Nikiondoka mimi, timu imekufa, na ualimu wangu umekufa. Niliingia kanisani nikapiga magoti. Nikasema, Bwana, baba ni wako na mimi ni wako, tupatanishe. Sikujua kwamba jibu langu lilikuwa linajiandaa kupanda mlima, tena limevaa baibui!

Kapteni wetu alikuwa Halima, Mwislamu wa mjini, na mama yake alikuwa fundi cherehani pale Kiboriloni. Huyo mama alikuwa amemshonea bintiye suruali ndefu, laini, acheze kwa stara. Aliposikia habari zangu, akatushonea na sisi wanne, kitambaa kilekile cha kijani. Kisha akatia moja kwenye kikapu, akapanda hadi Kibosho, peke yake, kwa mzee asiyemjua.

Yaliyotokea huko nilisimuliwa na mama yangu. Yule mama aliamkia, akakataa hata kukaa, akaitandaza suruali mezani.

"Mzee, wangu anacheza na hii. Mimi ni mwanamke wa stara, siwezi kumtuma mwanangu kwenye aibu. Usihukumu kwa macho ya watu wa mbege. Njoo utazame mwenyewe. Ukiona aibu, mchukue wako, na mimi wangu namtoa."

Baba aliinua ile suruali, akavuta mshono kwa vidole, akasema, "Imeshonwa vizuri." Basi.

Jumamosi ikafika. Wapinzani walipotuona wakacheka, "Mmekuja na pajama?" Tukavumilia. Mara namwona baba, kofia kichwani, bakora mkononi, amesimama karibu na nguzo ya kikapu. Kila mpira niliopewa ulinitoka. Kipindi cha kwanza tukaachwa mbali.

Wakati wa mapumziko Halima akanishika mabega. "Prisila, baba yako yuko pale tangu mwanzo na hajakutoa. Unamwogopa nani? Cheza!"

Nikacheza! Tukaanza kuwakaribia, pointi kwa pointi. Ndipo dada mmoja wa upande wa pili akanisukuma chini ya kikapu, nikaanguka chali, na refa kimya. Nikiwa bado chini, nikasikia sauti niliyoizoea kanisani tangu utoto.

"Refa! Wewe refa! Amemsukuma mwanangu! Huoni?"

Katekista! Ameingia katikati ya uwanja, bakora juu, na mama Halima anamvuta koti kwa nyuma, "Mzee toka, watatufukuza!"

Nilicheka na kulia hapohapo vumbini. Haleluya! Hofu iliyonifunga tangu utoto ilinitoka, haijarudi mpaka leo. Nikainuka. Dakika za mwisho nikarukia mpira, nikampa Halima, akatumbukiza, kipenga kikalia. Tumeshinda! Mara yetu ya kwanza! Na maharage hayakupandwa pale.

Baba akamsogelea mama Halima, akavua kofia. "Mama, kesho mje wote nyumbani. Nina beberu. Lakini njoo na mtu wenu achinje, maana sitaki mtoto hata mmoja wa timu yangu ale chungu cha peke yake."

Timu yangu! Mmesikia hilo?

Ndugu zangu, inawezekana uko hapa na mlango wako umefungwa na mtu unayempenda. Usimlaani. Mkabidhi kwa Mungu. Wala usimchagulie Mungu mjumbe: mimi nilitazamia padri, yeye akamtuma mama wa cherehani. Ninamshukuru Mungu, ninamshukuru mama yule, ninamshukuru marehemu baba yangu aliyekubali kuja kutazama. Mtumainini Bwana! Na anayetaka tumwombee mtu wake leo, asione haya, aje hapa mbele. Nitasimama naye.