Mahali pa Kumlaza Mama Emmah

Kijiwe chetu kiko Mwiki, upande wa Ruiru, kwenye benchi la mbao lililoegemezwa ukutani mwa duka la simiti. Boaz huleta birika la kahawa ya tangawizi, sisi wengine tunaleta midomo. Siku za kawaida hatukubaliani hata kwamba mvua inanyesha, lakini Jumatano hiyo tulikuwa na kazi ya kweli. Waruguru, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Emmah, mke wa Zacharia tunayemwita Guka, yaani babu, alikuwa mochari. Mazishi ni Ijumaa, na asubuhi hiyo afisa alikuwa amemnyima Guka kibali cha kumzika kwenye ploti yake mwenyewe. Guka alikaa mwisho wa benchi, kofia magotini, na niliumia kumtazama. Kando yake alikuwa Ndung'u, tunayemwita Wakili kwa sababu aliwahi kuwa shahidi kwenye kesi ya mbuzi, na Kahiga, ambaye ni Injinia kwa vile hufunga mabomba.

WAKILI: Guka, hebu rudia pole pole. Huyo afisa alisema nini hasa?

GUKA: Alisema ardhi yangu si shamba tena. Ati ni ya makao. Na kwa ya makao huwezi zika mtu.

WAKILI: Na nani aliigeuza?

GUKA: Ni mimi.

Hapo ndipo palipokuwa na uchungu. Mwaka jana ofisi ya mipango ilitangaza kwamba kila aliyejenga nyumba za kupangisha kwenye shamba abadilishe matumizi ya ardhi, la sivyo ukuta wake utapigwa X nyekundu ya kubomolewa. Mtaa mzima tulicheka, tukaendelea kumwaga zege. Guka peke yake alitii. Alipanga foleni, Waruguru akaweka sahihi kama mke, wakapewa ruhusa ya ghorofa. Tulimwita mwoga, na mimi nilikuwa mmoja wa waliomwita hivyo.

INJINIA: Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sasa si unaona, Guka, umejenga ukuta.

BOAZ: Hiyo methali haimaanishi hivyo, Injinia.

INJINIA: Boaz, wewe mimina kahawa.

WAKILI: Mimi nasema hivi. Title, ile hati ya shamba, ni ya juu tu. Ukishuka futi sita, hiyo ni ya serikali, pamoja na madini. Tukichimba futi saba, hatujazika kwa Guka. Tumezika kwa serikali, na serikali haiwezi jishtaki.

INJINIA: Wacha mchezo. Ile kitu inatakikana hapa ni ng'ombe. Tunaleta ng'ombe wa maziwa, tunamfunga pale kwa geti, tunapanda sukuma wiki kwa mikebe kila ngazi. Afisa akikuja Ijumaa anapata shamba.

BOAZ: Na wapangaji wa Guka?

INJINIA: Hao ni wafanyikazi wa shamba. Wanalala tu hapo juu. Ndio maana walisema aliye juu mngoje chini.

Mtu alicheka. Nadhani ni mimi, na nikajichukia papo hapo. Guka hakuinua kichwa.

WAKILI: Basi tupeleke ramani. Tuombe approval ya chumba cha chini. Single room, haina dirisha, mpangaji ni mmoja, na hahami.

GUKA: Ndung'u.

WAKILI: Naam, Guka.

GUKA: Huyo ni bibi yangu.

Wakili alikiweka kikombe chini. Aliposema tena, hakuwa na mzaha.

WAKILI: Nisamehe, Guka. Sasa nisikize vizuri. Mimi yangu sikubadilisha. Nimejaza nyumba za watu mpaka juu, lakini kwa ofisi bado inasomeka shamba la mahindi. Kwangu kibali kitatoka. Kuna nafasi kando ya tangi la maji. Mlete Mama Emmah alale kwangu.

Ndiyo dunia hiyo. Aliyetii amekosa pa kumzika mkewe, na mkaidi ana nafasi ya kugawa. Nilikasirika, lakini sikujua nimkasirikie nani.

INJINIA: Yaani tuzike mke wa mtu kwa ploti ya jirani? Hiyo mimi sijawahi ona.

BOAZ: Ama ni yale makaburi ya serikali, kule Thika.

GUKA: Kule nani atamjua?

Basi tukashika ya Wakili. Injinia alisimama akaanza kutuonyesha kwa mkono kichwa kitaelekea wapi, hema litakaa wapi, pikipiki zitazuiwa wapi. Tulikuwa tunabishana juu ya hema alipofika Selpha, mama wa Kakamega aliyepanga kwa Guka.

SELPHA: Pole, Baba Emmah. Nimetumwa na kina mama. Tunataka kujua ni nguo gani tutampelekea.

WAKILI: Ngoja kidogo, mama. Kwanza tunamtafutia mahali. Afisa amekataa kwa Guka, sasa ni kwangu.

SELPHA: Kwani yeye mwenyewe alikuwa anataka kulala wapi?

Injinia alishusha mkono. Boaz alishika birika bila kumimina. Wakili alinitazama, nami nikamtazama Guka, maana tangu asubuhi tulikuwa tumeongea juu ya udongo na sheria yake, na hakuna aliyekuwa amefikiria kuuliza hilo.

GUKA: Sijui.

SELPHA: Hakuwahi sema, hata pale hospitali?

GUKA: Pale hospitali mimi ndiye nilikuwa naongea. Kila jioni nilikuwa namwambia slabu ya ghorofa imefika wapi.

SELPHA: Na yeye?

GUKA: Alikuwa anasema ni vizuri.