Mchawi na Roho Elfu Moja

Ndani ya garimoshi, fundi cherehani mmoja, mjane, aliketi nyuma ya bibi na binti wasiojuana. Binti alikuwa akiandika hadithi, na bibi, bila haya, alikuwa akichungulia daftari lake.

"Huyu mchawi anafufua wafu ili iweje, mjukuu wangu?"

"Anakusanya roho, bibi. Zikitimia elfu moja, atakuwa mungu."

"Alianza na roho ya nani?"

"Ya mkewe."

"Basi uungu hautaki huyo. Anamtaka mkewe."

"Mbona mkewe anamlilia amwache apumzike, naye hasikii? Huo ni uchu wa kutawala."

"Hujafiwa, mwanangu. Mimi mzee wangu ningemrudisha hata kwa kumvuta sikio."

"Na akikwambia amechoka?"

Bibi alikivuta kikapu chake mapajani. Fundi, nyuma yao, aliinama mbele asikie vizuri.

"Ningemwambia anywe kwanza chai."

Binti alicheka, akaliandika jibu hilo. "Na akiikataa chai, bibi?"

Garimoshi likasimama. Bibi aliinuka, akampapasa binti shavuni, akashuka. Fundi akamfuata upesi, akampokea kikapu, ingawa kituo chake kilikuwa bado mbele.