Nusu ya Pili ya Paa

Siku Filipo alipozikwa, paa la darasa la kijiji cha Busi lilibaki nusu, na msumeno wake wa umeme ukabaki kwa mjane wake, Anjelina. Leo alikuwa nao kwenye basi la kutoka Kondoa, umo ndani ya kapu, waya umeviringishwa vilevile alivyouacha Filipo. Mafundi wawili wa kiti cha mbele, kijana na mzee, hawakumjua.

"Msumeno huu ni wa betri, mzee wangu," kijana alisema, akipigapiga boksi jipya la Dubai. "Busi hakuna umeme. Kamati ya shule itanipa mimi lile paa."

"Betri ikiisha utaichaji wapi, kwenye pembe ya ng'ombe?" mzee akamuuliza. "Marehemu Filipo alikuwa na wa waya. Alibeba mbao mpaka banda la video, akazikata kwa umeme wa jenereta yao kabla picha haijaanza. Paa likapanda!"

"Likapanda nusu. Nusu ya pili atakata nani, marehemu?"

Anjelina akainama mbele. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Aliyepima na kupiga mstari kwenye zile mbao ni mimi. Filipo alikuwa akiufuata."

Mzee akapiga makofi. "Umesikia, bwana betri?"

"Kupima si kukata!" kijana akang'aka, na walikuwa bado wanabishana basi liliposimama Busi. Anjelina akateremka na kapu lake, kichwa juu. Picha huanza jioni. Mpaka hapo jenereta ya banda la video ni yake, na mbao atazikata mwenyewe.