Maji Iliyotoka Kwangu

Bamama na bababa wa kikundi yetu, amani iwe kwenu. Zamu ya kutoa ushuhuda imenifikia, basi nitasema ile nilikuwa naficha. Hapa mutaani Saio, kwa huu mutelemuko, bote munanijua: mimi ni mama wa kiwanja safi.

Asubuhi, mbele ya chai, nilikuwa nafagia parsele nzima, kiwanja yote ya nyumba, mpaka udongo inang'aa. Hata jani moja haikubakia. Mama yangu alinifundisha vile: nyasi mulangoni ni nyoka, tena ni uvivu. Wageni wakipita wanasifu. Na mimi, nisiwadanganye, nilipenda kusifiwa kuliko kula.

Miaka inapita, naona mulango yangu iko juu. Naweka jiwe ya kupandia. Mwaka ingine, jiwe ya pili. Munacheka? Nilizani nyumba inapanda. Kumbe ni udongo inashuka: fagio inalegeza, mvua inabeba, fundasyo, ile musingi ya nyumba, ikabaki inje sawa meno bila ufizi.

Nikaita fundi. Akamwaga simenti kiwanja nzima, akatoboa tundu chini ya ukuta ya parsele ili maji itoke. Inaenda wapi? Sikuuliza. Ndugu zangu, nawaambia kweli, mutu haulizi kitu kama anajua jibu yake ni mbaya.

Chini ya parsele yangu kunakaa mama mumoja mujane. Alitoka kijijini Bule, kule alikuwa analima. Maji ya paa yangu na ya ile simenti yote ilikuwa inaingia kwake. Alinipigia hodi mara mbili. Mara ya kwanza nilimwambia, "Mama, mvua ni ya Mungu." Mara ya pili sikufungua.

Kisha mvua moja ya mchana ikanyesha, na ukuta ya jiko yake ikaanguka. Ilianguka pale anazoea kukaa kuchambua maharagi. Siku ile alikuwa ameenda soko, ndiyo maana akapona.

Kesho yake akafika kwangu na beseni imejaa udongo kwa kichwa. Nikangoja matusi. Akaitua mbele yangu, akasema polepole, "Mwana wangu, nakurudishia udongo yako. Kwangu haina tena nafasi."

Nilisikia haya, nikaketi chini nikalia.

Munajua alifanya nini? Aliomba jembe. Kule Bule alilima kwa mulima, anajua maji haifukuzwi, inalazwa. Tulivunja simenti pamoja na yule fundi, tukabakisha njia ya miguu tu. Tukachimba mitaro ya kukata mutelemuko, si ya kushuka nao. Shimo moja tukaijaza mawe, inapokea maji ya paa. Kando ya mitaro tukapanda migomba na nyasi ya ng'ombe. Mimi huyu, kupanda nyasi kwa mikono yangu. Majirani walisema nimegonjwa kichwa.

Mvua kubwa ya kwanza, tulisimama siye wawili kwa baraza, tunaangalia. Maji ikajaa mutaro, ikatulia, udongo ikainywa polepole. Ile ilifika kwake ilikuwa kidogo, na haikukuwa na matope. Alinishika mukono.

Namushukuru Mungu. Nashukuru fundi aliyekubali kuvunja kazi yake mwenyewe, na bamama watatu walioleta mawe. Zaidi ya bote namushukuru yeye. Anakaa hapa katikati yetu, na alinikataza kutaja jina.

Fundisho yangu ni hii: maji ya paa yako ni mugeni wako. Ukikataa kumulaza, atalala kwa jirani, na jirani hatalala.

Lakini ushuhuda bila kazi ni makelele. Ile jiko niliibomoa mimi, hata kama sikuigusa, na mpaka leo yule mama anapikia inje. Tulianza na mitaro, kwa sababu ukuta mupya nayo ingeanguka. Sasa matofali iko tayari. Jumamosi naanza kuijenga ile jiko, mwenye nafasi aje. Asiye na nafasi, akifika nyumbani kwake aangalie chini ya parsele yake kunakaa nani.